Maswali Manne ya Papa Dominique

Katika barabara yote itokayo Kasongo mpaka Kabambare hakukuwa na mtu mwingine aliyelipwa mshahara ili asitoe jibu. Papa Dominique, kama watu walivyomwita kwa heshima ya baba, alikuwa peke yake katika kazi hiyo. Iliitwa ukocha wa viongozi, na mara ya kwanza aliposhuka vijijini na kofia yake ya pikipiki mkononi, watu walimwuliza mipira iko wapi. Aliwaeleza kwamba yeye si kocha wa mpira, ni kocha wa wakubwa wa vituo vya afya na wenyeviti wa kamati, anakuja kuzungumza nao ili wawe viongozi bora zaidi. Wakamkubalia kwa adabu. Mgeni ni mgeni, hata akija na kazi isiyoeleweka.

Alikuwa na miaka hamsini na saba. Thelathini kati ya hiyo alikuwa muuguzi, na kumi na minane alikuwa muuguzi mkuu wa kituo, mtu wa amri fupi: leta sindano, funga mlango, wewe kaa pale. Kisha shirika moja lililokuwa likisaidia zoni za afya, yaani ofisi zinazosimamia vituo vya kila eneo, likamwita Kindu kwa mafunzo ya siku tano. Mkufunzi alikuwa kijana aitwaye Hervé, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, naye akawafundisha kwamba kiongozi mzima haagizwi. Jibu, alisema, limelala ndani ya mtu, na kazi ya kocha ni kubisha hodi mpaka liamke litoke. Hodi zenyewe zilikuwa nne. Unataka kufika wapi? Leo uko wapi? Kuna njia zipi za kufika? Katika njia hizo utafuata ipi, na utaanza lini? Ukishamaliza ya nne, unamjazisha mtu karatasi ya ahadi zake, anatia sahihi, unapanda pikipiki.

Kulikuwa na vyombo vingine pia. Kulikuwa na gurudumu la maisha lenye vipande vinane, ambalo mtu hujipigia alama aone wapi tairi limebonyea. Kulikuwa na duara mbili, ndogo ndani ya kubwa: ndani unaandika yaliyo mkononi mwako, nje unaandika yasiyo mkononi mwako, halafu unaambiwa usihangaike na ya nje. Na juu ya vyote hivyo kulikuwa na sheria moja: kocha hatoi ushauri. Hata akijua, hata akiombwa, hata akililiwa. Anayetoa ushauri, alisema Hervé, anamwibia mtu akili yake.

Wenzake wengi walishindwa siku ya pili. Kulikuwa na mama mmoja wa Nyangwe, mkunga wa siku nyingi, ambaye kila alipofanya mazoezi hakufika swali la tatu kabla hajamwambia mwenzake cha kufanya, tena kwa kidole. Dominique alikaa kimya vizuri kuliko wote. Aliuliza, akasubiri, akauliza tena. Hervé aliwaambia wengine wamtazame, kwamba huyu papa ana karama.

Hiyo karama ilikuwa na asili yake, na Hervé hakuelezwa.

Huko kwao Dominique, na katika vijiji vingi alivyopita, mtu haachi kazi, hahami, wala haendi machimboni bila mkubwa mmoja kumwambia neno. Neno lenyewe ni dogo: enda, au baki. Mtu anaweza kuwa ameshaamua moyoni, ameshafunga mzigo, lakini ataukalia mzigo huo mlangoni mpaka mkubwa aseme. Wageni hudhani watu hawa hawajui kujiamulia. Wanajua sana. Wanachotafuta ni wa kubeba nao, kwa maana aliyesema neno amechukua nusu. Mambo yakienda vizuri hashukuriwi sana. Yakienda vibaya, watu huenda kwanza kwenye uwanja wa nyumba yake, naye hana ruhusa ya kukimbia.

Miaka tisa nyuma, mdogo wake Chadrack alimfuata kituoni asubuhi ya siku ya chanjo. Alikuwa na begi mgongoni. Alitaka kwenda Salamabila kuchimba dhahabu, na alimwomba kaka yake neno. Kina mama walikuwa wamejaa barazani na watoto wanalia. Dominique, sindano mkononi, hata hakugeuka vizuri. Alisema enda, utapata kitu. Miezi minne baadaye shimo liliporomoka, na Chadrack akaja nyumbani amefungwa kwenye turubai, nyuma ya pikipiki.

Siku ya tatu ya matanga walikuja uwanjani kwake. Hakuna aliyemtukana, na labda wangemtukana ingekuwa nafuu. Walikaa tu. Mama yake alikaa mbele yake, mjane wa Chadrack akakaa kando na watoto wawili, na Dominique akasimama akasema kwa sauti kwamba ni yeye aliyemwambia aende. Watoto hao amewalea mpaka leo, wamekula chungu kimoja na watoto wake, na hajawahi kulalamika. Lakini tangu siku ile kinywa chake kilifunga. Binti zake walipomwuliza habari za wachumba, aliwatuma kwa mama yao. Jirani alipomwuliza auze mbuzi au asiuze, alikohoa. Kwa hiyo Hervé aliposimama mbele ya ubao akasema ni sheria, kocha hatoi jibu, Dominique alikaribia kulia kwa furaha. Alikuwa amepata kazi ambayo woga wake uliitwa ufundi.

Tusimcheke. Wapo wengi wenye vyeo vinavyofanya kazi hiyohiyo.

Basi akazunguka miaka mitatu. Pikipiki ilikuwa ya Pitchou, mtu mzima mwenye watoto sita, dereva asiyependa maneno wala kunyeshewa. Kutoka Kasongo kufika Kabambare ni siku mbili kama mbingu imekubali, na ikikataa hazihesabiki. Magoti ya Dominique yaliijua kila daraja la miti, hasa lile la mto Luama ambapo abiria hushuka na kuvuka kwa miguu huku akitazama mbele tu.

Na maswali yake manne yalipokelewa kwa namna nyingi. Kwa watu wa huku, mtu anayeulizwa mfululizo mbele ya karatasi na kalamu ni mtu aliyeshtakiwa. Mzee Moussa, mwenyekiti wa kamati ya afya ya kijiji cha Kalundamba, mashariki ya Kabambare, aliposikia swali la kwanza aliomba ruhusa, akatoka, akarudi na mashahidi wawili. Swali la pili alilijibu shahidi. La tatu walishauriana kwa lugha yao ya Kibangubangu muda mrefu, na la nne mzee Moussa alisema kwamba kama kuna faini itajwe sasa, maana jua linazama na yeye ana shamba. Dominique alihitaji vikao viwili vizima kumweleza kwamba hakuna kesi. Tangu hapo mzee alijibu bila mashahidi, ila kila jibu alimtazama kocha usoni kwanza, aone ni lipi linalotakiwa.

Lakini tusiseme uongo, kuna mahali maswali yalifaa. Yalifaa kwa Esther-Divine, muuguzi mkuu wa kituo hichohicho cha Kalundamba. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Kasongo, aliyekuja huko akiwa na cheti kipya na hasira ya kufanya kazi. Mwaka wa kwanza alijibu maswali manne kama mtu aliyekuwa anayasubiri. Alitaka kufika mahali ambapo mwanamke hafi kwa kuzaa Kalundamba. Akapanga siku za wajawazito, akamfundisha Mama Grâce, mama wa kijiji aliyekuwa akisaidia uzazi, kupima na kunawa na kuita mapema. Miaka miwili na nusu hakufa mzazi hata mmoja. Hervé aliandika habari hiyo kwenye ripoti yake, akaisifia mbinu. Esther-Divine hakuiona hiyo ripoti.

Halafu wauguzi wake wawili waliondoka. Wa kwanza alienda Salamabila kufungua duka la dawa, na wa pili akamfuata baada ya mwezi, akidai anakwenda kusalimia. Akabaki yeye na Mama Grâce. Katika kikao kilichofuata Dominique alimtolea zile duara mbili. Esther-Divine alichukua kalamu, akaandika kwenye duara kubwa mpaka ukingo ukajaa: wauguzi, dawa, barabara, mvua, damu, mtoto wake aliyekuwa Kasongo kwa bibi na sasa anamwita bibi yake mama. Ndani ya duara ndogo aliandika maneno mawili, kunawa mikono. Akamrudishia karatasi, akamwuliza kwa upole kama amemaliza, kwa sababu kuna mgonjwa.

Ikaja barua. Taasisi ya wauguzi ya Kasongo ilimtaka akafundishe. Kazi ya mchana, nyumba karibu na ya mama yake, mtoto wake mlango wa pili. Jibu lilitakiwa Jumamosi, la sivyo nafasi inapewa mwingine. Alimtumia Dominique ujumbe wa mstari mmoja kwamba anaomba aje kabla ya siku hiyo.

Dominique na Pitchou walifika Kalundamba Alhamisi mchana, wamelowa mpaka kwenye mfupa, wiki ya tatu ya Septemba. Mgongo ulikuwa unamwuma, na alijua vema ameitiwa nini. Njia nzima alijisomea maswali manne moyoni, kama mtu anayejihakikishia kwamba mlango ameufunga. Esther-Divine alimletea wali na sombe ya majani ya muhogo, akamngoja ale, akamkaribisha kwenye chumba cha dawa ambako kulikuwa na viti viwili na rafu zilizokuwa tupu zaidi ya nusu.

Kocha akauliza, unataka kufika wapi? Esther-Divine alisema mambo yote mawili: anataka kwenda kwa mtoto wake, na anataka asiwaache hawa. Akauliza, leo uko wapi? Alisema siku mia na arobaini hajapumzika hata Jumapili moja. Akauliza kuna njia zipi, naye akampa daftari. Alikuwa ameshaziandika zote, kila moja na uzuri wake na ubaya wake, kurasa nne, kwa mwandiko ulioanza wima ukamalizika umelala. Akienda, zoni italeta mwingine, lakini lini hakuna ajuaye. Kituo kingine cha karibu ni kilomita arobaini. Akibaki, nafasi ya Kasongo haitarudi, na mwili wake hajui utafika Krismasi au la.

Ikabaki hodi ya nne. Dominique akamwuliza, katika njia hizo yeye mwenyewe anaona atafuata ipi.

Esther-Divine akamwomba kwa adabu amwambie neno. Dominique akasema kwamba jibu liko ndani yake. Akamwomba tena. Dominique akamwuliza anadhani nini kinamzuia kuamua. Akamwomba mara ya tatu, na mara ya tatu akarudishiwa swali.

“Papa,” alisema Esther-Divine, “mimi sikukuita juu ya akili. Akili niko nayo, na yote nimeandika humo. Baba yangu alikufa, wajomba wako mbali, na hapa mimi ndiye mukubwa wa watu wote. Natafuta mutu wa kusema neno. Juu nikienda, na mwanamuke mumoja akafia hapa, nisilibebe peke yangu. Na nikibaki, mutoto wangu akinisahau, nalo nisilibebe peke yangu.”

“Na wewe mwenyewe unaona je?” Dominique aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

Esther-Divine alicheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu. “Unisamehe, papa, unanizidi miaka,” akasema. “Lakini wewe jibu hujakosa. Unaogopa kulibeba.”

Akainuka. Mama Grâce alikuwa anaita kutoka upande wa wazazi, na kazi haingoji kikao.

Dominique alibaki kwenye kiti na karatasi ya ahadi mapajani, haina hata neno moja. Aliona haya. Alijaribu kukasirika, maana hasira ni nyepesi kubeba kuliko haya, lakini hakuweza. Binti huyu alikuwa amesema kweli yote kwa sentensi moja, jambo ambalo maswali yote ya Kindu hayakuwahi kufanya. Alijitetea moyoni kwamba mbinu ni nzuri. Ndiyo, ni nzuri. Ni nzuri kwa mtu ambaye akitoka kikaoni anarudi nyumbani kwa baba, kwa mume, kwa shangazi, kwa watu wa kumwambia sisi tupo. Yeye alikuwa ameichukua akaifanya ukuta, akakaa nyuma yake miaka mitatu, na watu wakibisha anawaambia wabishe ndani mwao wenyewe.

Mlango wa chumba cha dawa ulikuwa wazi, akawa anamwona Esther-Divine akipita. Hapo macho ya kocha yakaondoka, yakarudi macho ya muuguzi. Aliona miguu imevimba mpaka kandambili zimeacha alama. Aliona anatembea mkono mmoja ukutani. Akamwona amerudi rafuni, amechukua kikopo cha vidonge, amehesabu, ameandika, kisha amesahau kwamba ameandika na kuhesabu tena, na mara ya tatu tena. Dominique aliwahi kumwona muuguzi mwingine katika hali hiyo, miaka ya nyuma, na alijua kinachofuata. Siku moja mkono utachukua chupa isiyo yake. Mgonjwa atakufa kwa mkono wa mtu ambaye hakuwa na kosa lolote ila kuchoka, na huyo mtu naye hatakuwa hai tena kwa maana ya kweli.

Hilo hakuhitaji kumwuliza. Lilikuwa limesimama mbele yake.

Alikaa bado muda mrefu. Mtu akiambiwa kwamba uamuzi huja kwa moyo kupata nguvu, asisadiki. Dominique hakupata nguvu yoyote. Magoti yaliuma vilevile, na alimkumbuka mama yake amekaa kwenye mkeka uwanjani, mikono mapajani, hamtazami. Aliogopa kama alivyoogopa siku zote. Ila alichoka kuogopa, na hapo pana tofauti ndogo ambayo ilimtosha kuinuka.

Jua lilikuwa bado juu kidogo ya paa la kanisa alipomkuta Esther-Divine kwenye kisima cha kituo, ananawa mikono.

“Esther-Divine,” akamwambia. “Enda.”

Aligeuka, maji yanachuruzika vidoleni. “Unasema kama kocha, ao kama papa?”

“Kocha hana ruhusa ya kusema. Nasema mimi, Dominique. Enda kwa mutoto wako. Likiharibika kitu hapa, watu wakuye uwanjani kwangu.”

Esther-Divine alikaa chini palepale kwenye saruji yenye maji, akalia, na Dominique akasimama kando yake asijue aweke wapi mikono. Alipomaliza kulia alisema asante, papa, kwa sauti ya mtu anayetua ndoo. Dominique alimwona ananyoosha mgongo. Naye, kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa mti uleule wa kubebea, alisikia uzito umemfikia begani.

Asubuhi ya Ijumaa walipanda kilima kunakopatikana mtandao. Esther-Divine alituma jibu lake Kasongo. Dominique alimpigia Hervé, akamweleza alichofanya. Hervé akasema kwa upole kwamba hilo si la mbinu, kwamba itabidi waongee, kwamba ingekuwa vizuri kama papa angemwuliza mteja wake maswali zaidi. Dominique alimwambia maswali yamekwisha. Akapiga na zoni kuomba muuguzi mwingine. Waliandika jina la kijiji, wakasema watatazama. Dominique alikuwa mtu wa kazi hiyo miaka thelathini, alijua kutazama kunachukua muda gani.

Kituoni walikuta watu wamejaa. Habari Kalundamba haina haja ya mtandao. Mzee Moussa alikuwa amevaa koti lake la mikutano, wanaume wa kamati nyuma yake, na wanawake wamekaa chini ya ukuta, wengi wao na matumbo makubwa. Esther-Divine alifungua mdomo ili ajieleze. Dominique akamgusa bega, akapita mbele yake.

“Ni mimi nilimwambia aende,” alisema. “Yeye hakujiondoa. Neno ni langu.”

Manung'uniko yalianza, yakafa. Mzee Moussa alimtazama sana. Safari hii hakuwa anatafuta usoni mwake jibu linalotakiwa. Aliwageukia watu wake akasema kwamba basi, wamemsikia, binti aachwe aende kwa amani, mtu wa kumsumbua asiwepo. Akamwagiza mmoja atoe kiti cha ndani, kile chenye mikono, kikawekwa mbele ya kituo. Dominique alidhani ni kiti cha mzee.

“Keti, papa,” alisema mzee Moussa. “Kama neno ni lako, basi watu wapite wakujulishe majina. Hapa kwetu mutu habebi watu asiowajua.”

Dominique akaketi. Nyuma yake Pitchou alikuwa anafunga begi la Esther-Divine kwenye pikipiki kwa kamba za mpira, maana pikipiki ni moja na mvua ya mchana ilikuwa inakusanyika upande wa Salamabila. Esther-Divine alikuja akashika mikono yake miwili, akainama, akasema abaki salama. Alikuwa ameshapanda alipogeuka na kumwambia kwamba funguo za chumba cha dawa ziko kwa Mama Grâce. Kisha wakaondoka. Dominique hakutazama barabara, kwa kuwa mwanamke wa kwanza alikuwa ameshasimama mbele yake.

Alisema jina lake, akasema mwezi wake wa kuzaa ni Oktoba, akaondoka. Akaja wa pili, wa Oktoba pia, ambaye uzazi wa kwanza alipasuliwa Kabambare. Wa tatu alikuja na mume wake aliyetaja majina yote mawili. Hakuna aliyemlaumu. Walisema majina polepole ili ayashike, na yeye akayarudia moja moja kwa sauti, kama alivyofanya zamani siku za chanjo. Walikuwa kumi na mmoja. Kuna waliokuwa wakubwa, waliozaa mara nyingi, na hao walisema haraka. Kuna waliokuwa watoto tu.

Wa mwisho aliitwa Sonia. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, mwezi wa Desemba mwanzoni, na alikuwa ameshika nguo yake kwa mkono ili isiburuzike topeni. Baada ya kusema jina hakuondoka kama wenzake. Alisimama, akatazama barabara alikopotelea muuguzi wake, akamtazama mzee huyu aliyekaa kwenye kiti na suruali iliyokaukia tope.

“Na wewe, papa,” akauliza, “Desemba utakuwa wapi?”

Mzee Moussa aliangalia mikono yake. Kasongo kulikuwa na mke wa Dominique, na kitanda chake, na watoto wa Chadrack, na shamba la mpunga lililotaka kupaliliwa, na uchovu wa miaka thelathini aliokuwa ameuahidi kuupumzisha. Dominique alimfikiria mtu wa kumwendea. Baba yake, mama yake, kaka zake wakubwa, baba wadogo, wajomba wa pande zote, alipita kwao mmoja mmoja moyoni, na wote walikuwa udongoni. Mkubwa wa ukoo wake sasa alikuwa ni yeye.

“Hapa,” akamwambia Sonia. “Nitakuwa hapa.”

Alilisema neno hilo bila mtu wa kumwambia baki, na nusu zote mbili zikawa zake.